Namba ya Joto Sio Hukumu ya Kifo

Wasee, karibu niuze prosesa yangu kwa elfu tatu juu ya namba moja kwa skrini.

Mwaka jana nilijiundia kompyuta. Sio zile za taa za rangi rangi mnaona TikTok. Kasha la mtumba, memori ya mtumba, na prosesa pia ya mtumba: Ryzen 7 1700X, toleo la 2017. Niliinunua elfu tisa baada ya miezi mingi ya kutembea kwa miguu ndio niokoe nauli ya matatu. Hiyo mashine ndio inanilisha. Nahariri video za harusi za watu.

Siku ya kwanza nikaweka programu ya kusoma joto. Digrii 60, na sijafungua kitu chochote! Nikianza kutoa video, 95. Nikapiga skrini picha, nikaenda kwa fundi mmoja mjini. Aliangalia simu yangu sekunde kumi hivi.

"Boss, hii imeisha. Itachoma mpaka bodi. Wacha nikutolee elfu tatu, usipate hasara kabisa."

Nilirudi nyumbani nikamwambia mama kesho nauza. Aliniuliza swali moja tu: "Kwani imewahi kukuzimikia ukifanya kazi?"

Nikanyamaza. Haijawahi, hata siku moja.

Usiku huo ndio nilisoma vizuri. AMD wenyewe walieleza mwaka wa 2017 kwamba 1700X na 1800X huongeza digrii 20 kwa namba wanayotuma. Makusudi! Walitaka prosesa zote za familia hiyo ziendeshe feni kwa mpango mmoja. Kwa hivyo kuna namba inaitwa Tctl, ambayo ni ya kuambia feni ikimbie vipi, na kuna Tdie, ambayo ndio joto lenyewe. Mimi nilikuwa nasoma ya feni. 60 yangu ilikuwa 40, na 95 ilikuwa 75. Prosesa ilikuwa mzima kama kigongo.

Hapo ndipo maoni yangu yanaanza. Sisi tunaounda mashine zetu tunapenda namba, lakini hatuulizi namba inapima nini. Na mtu anayeogopa namba ni rahisi sana kumuuzia feni mpya, ama kumnyang'anya mali yake kwa bei ya kutupa.

Kwanza, kila prosesa ina kikomo chake. Ryzen 5 5600 kikomo ni digrii 90. Core i5-12400 ni 100. Ryzen 5 7600X ya 2022 iliundwa ifike 95 kazi ikiwa nzito, na ikae hapo hapo. Sasa ukiniambia "yangu iko 88," hujaniambia kitu. Kwa moja hiyo ni mlangoni, kwa nyingine bado kuna nafasi.

Pili, chumba. Feni inapuliza hewa iliyopo, haiwezi kushusha joto chini ya hewa hiyo. Binamu yangu wa Mombasa akiwa na chumba cha digrii 31 na mimi Nairobi niko na 21, mashine yake itasoma kama digrii kumi juu ya yangu. Hajakosea popote. Ni Mombasa tu.

Tatu, ukifungua kivinjari na namba iruke digrii 15 kisha ishuke, tulia. Prosesa imejiongezea kasi kidogo ikamaliza kazi.

Lakini sisemi joto ni uongo. Ukianza kazi nzito na namba igonge kikomo ndani ya sekunde chache, halafu kasi ya prosesa ianguke, hapo simama. Pengine chuma cha kupoza hakijakazwa, ama ile plastiki ya chini yake hukuibandua (usicheke, inafanyika), ama grisi ya kupitisha joto imekauka, ama vumbi limejaa. Prosesa za sasa hujilinda: hupunguza kasi, na ikizidi sana zinazima mashine. Kwa hivyo angalia joto na kasi pamoja. Joto peke yake ni nusu ya habari.

Yule fundi sijui kama hakujua ama alikuwa ananipima. Haijalishi. Mimi ndiye nilibeba mali yangu nikampelekea bila kuuliza swali ambalo mama, ambaye hajawahi kufungua kasha la kompyuta, aliuliza mara moja: mashine yenyewe inafanya nini?

Prosesa bado iko kwangu. Wikendi hii imetoa harusi mbili, Tdie ikiwa 76.

Yako inasoma ngapi? Na kabla ujibu, ni namba gani hiyo unasoma?