Kwanza Tuambieni Nani Kalipia
Julai 2022, pale soko la Kongowea, Mombasa, ninakouza vitunguu, kila kura ya maoni ya urais ilipotangazwa redioni soko liligawanyika papo hapo. Wa Raila vigelegele, wa Ruto wanafoka: "Wamemuuliza nani hao? Mbona mimi simu yangu haijalia?" Kampuni za utafiti TIFA, Ipsos na Infotrak zote zilimweka Raila mbele. Agosti, tume ya uchaguzi ikamtangaza Ruto mshindi kwa asilimia 50.49 dhidi ya 48.85.

Takwimu kukosea naweza kuvumilia. Lakini jirani yangu wa kibanda siku ya kura hakutoka nyumbani, eti mtu wake ameshapita! Hilo linaniuma hadi leo. Sheria ya kura za maoni ya 2012 inawataka watafiti waseme wamehoji wangapi, lini, na nani kalipia. Redio zitusomee hayo kwanza, jina la anayeongoza lifuate.