Jamani, msikimbilie kufomati kadi!

Sisi huku Uingereza tunamshukuru Mungu, kazi na baridi tu ndivyo vinavyotusumbua. Leo naomba niseme neno moja lililonikaa rohoni, na najua wapo watakaosema dada yenu kaacha uuguzi kawa fundi kamera. Semeni tu, ila mnisikilize hadi mwisho.

Neno lenyewe ni hili: kamera ikiandika kwamba kadi ina hitilafu, mara nyingi picha zenu bado zimo. Kinachoziua ni haraka yetu, pamoja na yule jamaa anayetuambia "fomati tu, itapona".

Nalisema sasa kwa sababu zile kamera ndogo za dijitali za miaka ya 2000 zimerudi kwenye mtindo. Vijana huku wanazitafuta kwenye maduka ya mitumba, na wadogo zangu huko nao wananiagiza. Nikituma moja, haziishi wiki mbili napigiwa simu: "Dada, kamera imekataa kadi!"

Tuanze na yale yasiyo ugonjwa. Kadi za SD za mwanzo ziliishia GB 2. Mwaka 2006 zikaja za SDHC zinazofika GB 32, na mwaka 2009 zikaja SDXC za kuzidi hapo. Kamera ya mwaka 2004 ukiitilia kadi ya GB 64 itakwambia kadi mbovu, kumbe kadi nzima kabisa, ila kamera ni ya zamani haiielewi. Itafutie kadi ya GB 2 au chini ya hapo. Pili, tazameni pembeni mwa kadi, kuna kijiswichi kidogo cha plastiki. Kikisogezwa chini, kadi imefungwa na haipokei picha mpya. Tatu, vile vijipande vya rangi ya dhahabu nyuma ya kadi vikishika vumbi au jasho la vidole, kamera haiisomi. Vipanguseni taratibu kwa kitambaa laini kikavu. Msivikwangue kwa kisu, wala msivilambe (nawajua nyie!).

Sasa ugonjwa wenyewe. Kadi ni kama kitabu: mwanzoni kuna ukurasa wa yaliyomo, halafu zinafuata sura. Picha ndizo sura. Ukichomoa kadi wakati kamera bado inaandika, au betri ikazima katikati, ukurasa wa yaliyomo unaweza kuharibika. Kamera ikishindwa kuusoma inadhani kitabu kizima kimeharibika, wakati sura zipo pale pale. Kufomati kwa kawaida ni kuandika ukurasa mpya wa yaliyomo unaosema kitabu ni kitupu. Hata hapo sura nyingi bado zinaweza kuokolewa, ilimradi hamjaandika kitu juu yake. (Zipo kamera zenye aina nyingine ya kufomati inayofuta kila kitu kabisa, hiyo ndiyo msiiguse.)

Binamu yangu alikuwa na kadi yenye picha za Idi ya mwisho ya babu. Ikagoma. Akaipeleka kwa fundi mmoja mtaani, naye akaifomati, kisha akarekodi video ndefu ya barabarani ili kuhakikisha inafanya kazi. Kufomati peke yake tungeweza kuhangaika nako. Ile video ndiyo iliyokalia mahali pa babu. Binamu akalipa, akarudishiwa kadi nzima, na ndani yake bodaboda zinapita. Fundi alitengeneza kadi, lakini nani alimwambia tunataka kadi? Kadi zinauzwa madukani. Picha za babu haziuzwi popote.

Katika uuguzi tunafundishwa kwamba ukimkuta mtu kaanguka, kwanza hakikisha hakuna kinachoendelea kumdhuru, halafu angalia kama anapumua. Kadi nayo ifanyieni hivyo hivyo. Acheni kupiga picha papo hapo, zimeni kamera, toeni kadi, sogezeni kile kijiswichi chini ili isiandikwe tena. Kisha ijaribuni kwenye kompyuta kwa kifaa cha kusomea kadi, na ikikataa jaribuni kifaa kingine, maana mara nyingine mbovu ni hicho kifaa au kamera. Picha zikionekana, zinakilini zote kabla ya jambo lingine lolote. Kompyuta ikiuliza kama mnataka kufomati, jibu ni hapana. Ikitaka kuirekebisha kadi, jibu pia ni hapana mpaka picha zitoke, kwa sababu kurekebisha nako ni kuandika.

Zisipoonekana, ipo programu ya bure inaitwa PhotoRec. Haitegemei ule ukurasa wa yaliyomo, inapekua kadi nzima ikitafuta alama za mwanzo wa kila picha. Sura yake haivutii, maandishi matupu, lakini inafanya kazi. Sharti moja tu: picha zinazookolewa zihifadhiwe kwenye kompyuta, zisirudishwe kwenye kadi ile ile. Zitakuja bila majina yake ya zamani, mtazipanga wenyewe. Kama kompyuta haitambui kabisa kwamba kadi imechomekwa, hapo programu haisaidii, ni kazi ya wataalamu wenye vifaa maalumu na bei yake ni kubwa. Picha zikishatoka ndipo mfomati, tena ndani ya kamera yenyewe. Kadi ikigoma tena baada ya hapo, itupeni.

Na kadi za bei ya kutupa? Nyingine nje zimeandikwa GB 128 na ndani ni GB 8. Zinapokea picha kwa furaha, zikishapita uwezo wake wa kweli ndipo picha zinapopotea au kutokea nusu nusu. Kwa hiyo kadi mpya ijazeni mafaili hadi pomoni, kisha yafungueni yote kabla ya kwenda nayo harusini. Kuna programu ya bure ya kupimia hivyo, H2testw.

Lakini yote haya ni huduma ya kwanza. Ninachotaka hasa tubadilishe ni tabia. Kwetu kadi moja inabeba ubarikio, msiba, mahafali na kitchen pati, miaka mitano mfululizo, tena nakala ni hiyo hiyo moja. Kadi ni kikapu cha kutokea sokoni, siyo ghala. Picha zikifika nyumbani zihamishieni kwenye kompyuta na kwenye flashi, na flashi hiyo ikae nyumba nyingine, kwa shangazi au kwa mjomba. Mtaniambia WhatsApp inatosha. Haitoshi, picha ya kawaida ikipita huko inabanwa na kupungua ubora, labda muitume kama faili. Na mnapomlipa mpiga picha wa harusi, katika makubaliano ombeni nakala mbili, na asifute kadi mpaka mmezifungua zote mbili na kuziona.

Sisi tulio mbali hatukuwepo kwenye mazishi wala kwenye ndoa zenu. Tuliyaona hayo yote kwa hizo picha tu. Basi Jumamosi hii kila mwenye kadi droo‌ni aitoe, anakili, halafu anitumie ujumbe wa neno moja tu: tayari. Nitakuwa nahesabu majina, na shangazi zangu nanyi hamjasamehewa!

Wasalaam,
Dada yenu wa ughaibuni