Ufunguo wa Kiwandani



Juma hili napenda tutafakari juu ya saa ile ya kwanza ambayo ruta mpya hutolewa katika boksi na kuwekwa sebuleni. Kwa kawaida mambo huenda haraka. Fundi huchomeka umeme na kebo, taa huanza kumetameta, watoto husoma neno la siri lililobandikwa chini ya kifaa na kuliingiza katika simu zao. Video ya kwanza ikishafunguka, fundi hulipwa na kwenda zake. Tangu hapo hakuna anayeigusa ruta hiyo, isipokuwa kuizima na kuiwasha mtandao unapokwama. Kwa maoni yangu, kazi hiyo imeachwa nusu.

Ruta ina maneno ya siri mawili, na wengi wetu twalijua moja tu. La kwanza hutuingiza katika waifai. La pili ni la kuitawala ruta yenyewe: aliye nalo aweza kubadili jina la mtandao, kumfungia huyu na kumfungulia yule. Ili kuifikia sehemu hiyo, mtu aliyekwisha kuungana na ruta hufungua kivinjari na kuandika namba zilizo kwenye kibandiko, mara nyingi 192.168.1.1 au 192.168.0.1. Hata salio la intaneti likiisha ukurasa huo hufunguka, maana umo ndani ya kifaa chenyewe. Hapo huulizwa jina na neno la siri. Na katika vifaa vingi, hasa vya zamani, jibu la maswali yote mawili ni “admin”. Vifaa maelfu kwa maelfu vilitoka kiwandani na ufunguo huo mmoja, nao umechapwa katika vitabu vya maelekezo ambavyo yeyote aweza kuvisoma mtandaoni.

Pengine mwenzangu atasema: “Padre, mimi sina cha kuibiwa.” Hebu tutazame yaliyotokea mwaka 2016. Programu haribifu iitwayo Mirai ilizunguka katika intaneti ikibisha hodi kwenye kamera za ulinzi, mashine za kurekodi picha na ruta, na kujaribu funguo za kiwandani zipatazo 60 tu. Ilifunguliwa milango mingi mno. Tarehe 21 Oktoba mwaka huo vifaa hivyo vilielekezwa kwa pamoja dhidi ya kampuni ya Dyn ya Marekani, iliyohudumia majina ya tovuti, na kwa saa kadhaa watu wengi wa Marekani na Ulaya hawakuweza kufungua Twitter, Netflix na huduma nyinginezo. Desemba 2017 vijana watatu wa Marekani walikiri mahakamani kuiunda Mirai. Lakini wenye kamera na ruta zile walikuwa watu wa kawaida kabisa, waliolala usingizi huku vifaa vyao vikitumika kuwaumiza wasiowajua. Wao pia hawakuwa na cha kuibiwa.

Na si kweli kwamba mwenye nyumba hubaki salama. Anayeitawala ruta aweza kuielekeza iulize majina ya tovuti kwa mashine yake yeye. Nawe ukiandika anwani sahihi ya benki yako, ukapelekwa kwenye ukurasa bandia uliofanana na ule wa kweli.

Lawama haiwaangukii wenye nyumba peke yao. Watengenezaji ndio waliozoea ufunguo mmoja kwa wote, kwa kuwa ni rahisi. Jimbo la California liliukataza mtindo huo kwa sheria iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 2020, na Uingereza ikafuata tarehe 29 Aprili 2024. Ni jambo jema, ingawa limechelewa. Ruta za zamani zingali zikiwaka ukutani, na nyingine huuzwa mitumba.

Kwa hiyo fundi asiondoke kabla maneno yote mawili hayajabadilishwa, nawe uwe ndiye unayeyaandika, si yeye. Yawe marefu na yasifanane. Katika sehemu ya ulinzi wa waifai chagua WPA3, au WPA2 ikiwa ya kwanza haipo. WEP ilikwisha kuvunjwa tangu mwaka 2001, haifai tena. Zima ruhusa ya kuitawala ruta kutoka nje ya nyumba, kisha tafuta palipoandikwa kusasisha programu ya ruta. Ikiwa kuna mtandao wa wageni, uwashe, ili jirani anayeomba waifai asilazimike kupewa ufunguo wa nyumba nzima. Wengine hukemea kuandika neno la siri kwenye karatasi. Mimi siwaungi mkono: mwizi aliye nchi ya mbali hafungui kabati lako.

Jambo moja husahaulika. Nyuma ya ruta kuna kitufe kidogo, mara nyingi ndani ya kitundu, ambacho kikibonyezwa kwa sekunde kadhaa huirudisha ruta katika hali ya kiwandani. Mafundi hukitumia mtandao unapogoma, na mara nyingi hufaulu. Ila kuanzia dakika hiyo ufunguo wa zamani umerudi, na kazi yote huanza upya.