Mshtakiwa Asiye na Kosa



Juma hili nawaandikia juu ya tamthilia ya mapenzi kutoka Thailand. Wako watakaoshangaa kwamba niliitazama. Niliitazama mpaka mwisho, tena nikatokwa na machozi, na ndiyo sababu ya ghadhabu yangu: naona machozi yale nilitolewa kwa hila.

Tamthilia yenyewe ni Jam Loey Rak, maana yake “Mshtakiwa wa Mapenzi”, iliyorushwa na Chaneli 3 ya Thailand mwaka 2008. Imetokana na riwaya, na hadithi hiyo ilikwisha kuigizwa kabla ya hapo. Kijana tajiri aitwaye Harit anafiwa na nduguye, aliyejiua kwa sababu ya mwanamke aitwaye Sansanee. Harit anaapa kulipiza kisasi. Anamteka mwanamke, anamvusha hadi kisiwani, na huko anamdhalilisha na kumbusu kwa nguvu. Kumbe aliyemteka si Sansanee bali binamu yake, Soraya. Soraya anajitetea kwa kusema kweli, asiaminiwe. Kisha, katikati ya mateso hayo, mapenzi yanachipua baina yao, na hadithi inaishia katika furaha.

Nisiwe mchoyo wa sifa. Taksaorn Paksukcharern, aliyeigiza Soraya, anajua kunyamaza. Uso wake unasema mambo ambayo mwandishi hakuyaandika. Atichart Chumnanon naye anaibeba huzuni ya Harit hata unasahau anachokitenda. Ndivyo ilivyonitokea. Nilijikuta namhurumia mtekaji, nikimwombea moyoni apendwe na yule aliyemfungia. Hapo nilijishtukia.

Hebu tujiulize, ndugu msomaji: Harit anajutia nini hasa? Ukweli unapodhihirika, hadithi yote inalia kwa sababu moja, kwamba ameadhibiwa mtu asiyestahili. Kosa lake, kwa hesabu ya tamthilia, ni kumkosea mtu: alimchukua Soraya mahali pa Sansanee. Basi tuseme asingekosea. Tuseme aliyeburutwa hadi kisiwani angekuwa ni Sansanee mwenyewe, yule aliyemvunja moyo ndugu yake. Je, mateso yale yangekuwa haki? Tamthilia haithubutu kuuliza, na kimya chake ni jibu. Inatufundisha kwamba yuko mwanamke anayestahili kutekwa, ila tu uhakikishe umempata aliye sahihi. Hili ndilo ninalolipinga kwa nguvu zote, kuliko hata zile busu za kulazimishwa.

Kisiwa cha Harit si cha peke yake. Wathai wenyewe wana jina kwa tamthilia za namna hii: “kofi na busu”. Mwanamume anashika kwa nguvu, mwanamke anapiga kofi, mwanamume anabusu, na mtazamaji anaambiwa kwamba hayo ndiyo mapenzi yanayoanza. Na lugha yao inafichua jambo zito. Mhusika mwovu akimwingilia mwanamke kwa nguvu, neno ni khom khuen, yaani kubaka. Afanyapo hivyo shujaa wa hadithi, watu husema plam, neno litokalo katika mieleka. Tendo ni lile lile, mwanamke ni yule yule anayelia. Kilichobadilika ni sura nzuri ya mtendaji.

Wako wanaozitetea, na utetezi wao si wa kipuuzi. Husema kwamba msichana mwema wa tamthilia, yule wanayemwita nang ek, haruhusiwi kuonyesha tamaa. Anayetamani waziwazi ni nang rai, mwanamke mbaya, ambaye mwisho wake huwa aibu. Kwa hiyo nguvu za mwanamume ni mlango wa uani: mwanamke anayafikia mapenzi pasipo jina lake kuchafuka. Nimelitafakari hilo kwa muda mrefu, na nakiri linaeleza mengi. Lakini maelezo si udhuru. Kama heshima ya mwanamke hailindwi ila kwa kumnyang’anya ridhaa yake, heshima hiyo ni gereza la pili, na kisiwa hakikuhitajika.

Wengine husema: ni hadithi tu. Ikumbukwe kwamba sheria ya jinai ya Thailand ilirekebishwa mwaka 2007 ili mume anayemlazimisha mkewe naye ahesabiwe kuwa mbakaji. Kabla ya hapo sheria ilimtoa mke nje ya ulinzi huo. Mwaka mmoja tu baadaye Harit aliingia sebuleni mwa watu akiwa shujaa. Na mwaka 2014 maelfu ya Wathai walitia saini ombi la kutaka matukio ya ubakaji yakomeshwe katika tamthilia zao. Hao si wageni wasioijua nchi; ni watazamaji waliochoka.

Kwetu sisi jambo hili lina historia. Mtaguso wa Trento, mwaka 1563, uliamua kwamba baina ya mtekaji na mwanamke aliyetekwa hapawezi kuwa na ndoa maadamu angali mikononi mwake. Kanuni ya 1089 ya Sheria za Kanisa za mwaka 1983 inashikilia vivyo hivyo: mwanamke aliyetekwa au kuzuiliwa kwa nia ya kuolewa hawezi kufunga ndoa halali na mtekaji, mpaka kwanza atengwe naye, awekwe mahali salama na huru, ndipo achague mwenyewe. Harit, kusema haki, hakuteka kwa nia ya kuoa bali ya kuadhibu, na wanasheria watanisahihisha nikiivuta kanuni kupita kiasi. Lakini tazameni utaratibu wake: kwanza mahali salama, kisha swali. Haidai hata mwanamke athibitishe kwamba hampendi.

Jina la tamthilia linazungumzia mshtakiwa, na kisiwani mshtakiwa ni Soraya, anayehojiwa na kuhukumiwa kwa kosa la mwingine. Mimi ningetazama kwa moyo usiogawanyika kipindi kimoja zaidi: Harit kizimbani, Soraya mbele ya hakimu akiwa shahidi, akiulizwa aeleze siku kwa siku yaliyompata kule kisiwani, na hakuna muziki unaopigwa.