Adabu ya Kuipamba Nyumba ya Kale

Aliyebahatika kurithi au kununua nyumba ya mawe katika Mji Mkongwe wa Unguja, au katika mtaa wa Mkomani kule Lamu, huingiwa na shauku ya kuipamba, na siku hizi shauku hiyo aghalabu humwelekeza kwenye samani za kale za Ulaya. Simlaumu. Wanaodai kuwa kitu cha Ulaya hakina mahali katika nyumba ya pwani wamesahau tarehe yao wenyewe, kwani Sayyida Salme binti Said, mwana wa Sultani wa Zanzibar, aliyezaliwa Mtoni mwaka 1844, katika kumbukumbu zake zilizopigwa chapa Berlin mwaka 1886, alieleza jinsi nyumba za jamaa zake zilivyosheheni vioo vikubwa na saa, na vyombo vya kaure na bilauri vilivyopangwa katika vidaka vya kuta. Na mabakuli ya Maastricht, yaliyotengenezwa Uholanzi kwa ajili ya masoko ya mbali, hata leo yamo katika makabati ya mabibi zetu.

Lakini wazee hao walikileta kitu kikae katika nyumba. Hawakuibomoa nyumba ipate kukitosha kitu. Vyumba vyetu vya kale ni virefu na vyembamba, maana upana wake ulifuata urefu wa boriti ya mkoko, ambao kwa kawaida haupiti sana mita 3. Sasa mwenye pesa huagiza kabati la kifahari lililopakwa dhahabu, akaona halipiti mlangoni, akaung'oa mlango wa nakshi. Akaona halina ukuta wa kuegemea, akaviziba vidaka kwa saruji. Na saruji juu ya matumbawe na chokaa ni maradhi: huufungia unyevu ndani ya ukuta, chumvi ikapanda, lipu ikabambuka.

Hata hilo kabati lenyewe halisalimiki. Samani za majumba makubwa ya Ulaya mara nyingi ni mbao nyembamba za thamani zilizobandikwa juu ya mbao duni kwa gundi ya ngozi, na gundi hiyo hulegea katika joto na unyevu wetu. Nimeketi katika chumba kimoja ambamo kiti cha mahameli kilikwisha kuota kuvu kabla mwenyewe hajamaliza kukisifu.

Kwa hiyo rai yangu ni kwamba, ikiwa ni lazima kuagiza, basi kiagizwe kitu cha shamba: meza nzito ya mwaloni ambayo vizazi vya wakulima wa Ufaransa vililia chakula, au benchi iliyounganishwa kwa ulimi na tundu na vigingi vya mti, isiyo na rangi wala dhahabu. Fundi wa kitu hicho hakumjua fundi wetu aliyechonga matendegu ya kitanda cha kamba, lakini kazi zao zinafahamiana. Ziweke katika chumba kimoja cheupe cha chokaa, na hakuna itakayoitahayarisha nyenzake. Kitu kimoja kama hicho chatosha chumba kizima.

Nawe uliye na nyumba ya namna hii, kabla hujatuma fedha ng'ambo, mwite kwanza fundi wa chokaa apande nawe hadi darini, mkazigonge boriti moja moja; na zikiwa zimeliwa na mchwa, fedha hizo ni zake.