Mlango usiofunguka hauvuti riziki

NAMANGA, upande wa Kenya, kuna mama mmoja anayeuza vitenge na madera anayoyafuata Kariakoo. Ni mwenyeji wangu wa siku nyingi. Nikitaka kujua kama mpaka unapumua au umebanwa, humuuliza yeye kabla ya ofisa yeyote. Mwezi uliopita alinikaribisha kwake. Nilipopiga hodi akaitikia kutoka ndani, "Karibu mwanangu, lakini pita kiubavu!"

Nikapita kiubavu kwelikweli. Mlango ulifunguka nusu tu, kwa kuwa nyuma yake palikuwa na marobota sita yaliyopandana, na juu yake maboksi ya viatu. Ndani, juu ya mlango huohuo, palining'inia kioo kidogo cha duara katikati ya ubao wenye pembe nane, mwekundu na kijani.

"Hicho ni cha kuvuta riziki," akaniambia. Kijana mmoja alimuuzia kwa shilingi 4,500 za Kenya, akamhakikishia kwamba matajiri wote wa China wanacho. Aliita mambo hayo feng shui.

Sikumcheka, na msomaji usimcheke. Mfanyabiashara anayelala akiwaza mzigo, ushuru na bei ya dola ana haki ya kutafuta utulivu nyumbani kwake. Swali langu ni kama alichouziwa ndicho feng shui inachofundisha. Jibu langu ni hapana, na gharama yake si zile 4,500 peke yake.

Maneno hayo ya Kichina maana yake ni upepo na maji. Ni elimu ya kale ya kuchagua mahali pa kuzika, kujenga na kuishi. Kitabu kimojawapo cha zamani kinachohusishwa nayo, kinachozungumzia maziko, kinadaiwa kuandikwa na Guo Pu, msomi aliyefariki mwaka 324. Wafuasi wake huamini kuna nguvu ya uhai iitwayo qi inayotembea na upepo na kutulizwa na maji, na kwamba nyumba nzuri huipokea bila kuizuia wala kuiacha ipite mbio. Mlango wa mbele huitwa mdomo wa nyumba, maana qi huingilia hapo. Ndiyo sababu husisitizwa kwamba mlango ufunguke wote, mbele yake pawe wazi na penye mwanga.

Sasa tazama kichekesho. Kioo cha pembe nane kwa desturi hutundikwa nje, juu ya mlango, ili kurudisha mabaya yanayoelekea nyumbani. Hakiwekwi ndani, wala kazi yake si kuvuta fedha. Kwa hiyo hata kwa mafundisho ya Wachina wenyewe, kioo cha mama kilikosea mahali na kilikosea kazi, na mlango uliozibwa na marobota ulikuwa kosa kubwa kuliko yote. Aliyemuuzia aliyaona marobota yale akanyamaza, kwa kuwa kumwambia mtu "sogeza mzigo" hakulipi.

Feng shui ina sehemu mbili, na ni vyema tuzitenganishe. Moja hutazama kilima kiko wapi, upepo unatoka wapi, maji yanapita wapi na mwanga unaingiaje. Nyingine hupiga hesabu za dira, tarehe za kuzaliwa na namba. Ile ya kwanza unaweza kuipima kwa macho na mikono yako. Ya pili ni imani, na kila mmoja ataiweka kwenye mizani ya dini yake. Huko China kwenyewe watu hawajawahi kukubaliana juu yake. Wakati wa Mapinduzi ya Utamaduni, kuanzia 1966, ilipigwa vita kama mabaki ya ushirikina. Hong Kong, kwa upande mwingine, hata mabenki makubwa yamewaita wataalamu wake kabla ya kujenga.

Hiyo sehemu ya kwanza pia haifai kunakiliwa kama ilivyo. Kasri la wafalme la Beijing, lililokamilika mwaka 1420, limeelekea kusini, na mgongoni mwake kuna kilima kilichorundikwa kwa udongo uliochimbwa kwenye handaki la maji linalolizunguka. Hapo pana akili: Beijing jua hukaa kusini na upepo mkali wa baridi hutoka kaskazini. Lakini mtu wa Namanga, Busia au Mutukula anaishi karibu na ikweta. Jua lake hupita karibu utosini, na joto humwingilia kwa kuta za mashariki asubuhi na za magharibi alasiri. Pwani nako kaskazi huvuma karibu Desemba hadi Machi, na kusi karibu Mei hadi Septemba. Fundi akikwambia ugeuze mlango uelekee kusini kwa kuwa kitabu kimesema, muulize kitabu hicho kiliandikiwa upepo wa wapi.

Tena, elimu ya mlango hatukuisubiri itoke mbali. Nyumba ya mawe ya Lamu ina daka mlangoni, na mabaraza ya kuketi mgeni kabla hajaingia. Ukishaingia, njia hupinda, ili anayepita barabarani asione hadi ndani. Wachina nao hujenga ukuta mfupi nyuma ya lango kwa kazi kama hiyo. Hawa na wale walikubaliana kwamba mlango umkaribishe mgeni lakini usiivue nyumba nguo. Na biashara ilikuwapo: sahani na bakuli za China zilipangwa kwenye zidaka za kuta za nyumba hizo karne nyingi kabla ya mtu yeyote kupanda ndege kwenda Guangzhou. Bidhaa ya ng'ambo ilipewa mahali pake ukutani. Haikuachwa izibe njia.

Hapo ndipo ninapogombana na nyumba zetu wafanyabiashara. Tumezigeuza kuwa stoo zenye vitanda. Mlango unaofunguka nusu ni mlango ambao watoto wanne hawawezi kuutoka kwa pamoja usiku moto ukiwaka. Sote tunakumbuka Soko Kuu la Kariakoo lilivyoungua Julai 2021, na Gikomba ya Nairobi imeungua mara nyingi. Nguo zilizorundikwa sebuleni huwaka vilevile kama za sokoni, isipokuwa nyumbani kuna waliolala.

Kwa hiyo, kama unataka kuipanga nyumba, anza na visivyonunuliwa. Mlango ufunguke hadi ugonge ukuta, na usiku pawe na taa. Sebuleni pabaki njia ambayo mtu anaweza kuipita gizani bila kujikwaa. Chumbani feng shui husema kichwa cha kitanda kiegemee ukuta, na anayelala auone mlango bila miguu yake kuelekea moja kwa moja huko. Ukiijaribu utaona mtu hulala kwa amani zaidi anapoona anayeingia. Marobota yaondoke kando ya kitanda, maana vumbi la nguo ndilo mtoto analovuta usiku kucha. Jikoni, wao husema moto na maji visikae bega kwa bega. Mimi naongeza: moto na vitenge visikae chumba kimoja, na jiko la mkaa lisiwashwe kamwe ndani ya chumba kilichofungwa, kwa kuwa hewa yake huua kimyakimya. Daftari, risiti na karatasi za forodha zipate kona yake. Mfanyabiashara anayezitafuta karatasi chini ya godoro alfajiri amechelewa kabla hajafika mpakani.

Najua jibu la mama, kwa kuwa alinipa hapohapo. "Mwanangu, stoo hapa inakula faida yote. Na nikileta mzigo kidogokidogo, siku mpaka ukigoma nitauza nini?"

Ana haki, na hapo hakuna kioo kitakachomsaidia. Anaijaza nyumba kwa sababu hana uhakika na kesho. Leo mzigo umepita kwa saa moja, kesho umelala siku mbili kwa karatasi ambayo jana haikuulizwa. Jumuiya ya Afrika Mashariki ina utaratibu rahisi wa forodha kwa mzigo usiozidi dola 2,000 wa bidhaa zilizomo kwenye orodha na zinazozalishwa kwetu. Na vituo vya pamoja vya mpakani, Namanga kikiwamo, vilijengwa ili msafiri asisimamishwe mara mbili. Ni hatua nzuri. Lakini utaratibu unaobadilika kila anapobadilishwa ofisa humfundisha mfanyabiashara kurundika. Mpaka nao ni mlango. Ukifunguka nusu, marobota huishia kwenye sebule za watu.

Kwa hiyo ninataka mambo mawili. Serikali zetu na mamlaka za miji ya mipakani zijenge stoo za bei nafuu karibu na masoko, zikodishwe kwa siku na kwa robota, si kwa mwaka na kwa jengo zima. Na sisi wenyewe tusizisubiri: watu watatu au wanne wanaoaminiana wanaweza kukodi chumba kimoja na kugawana pango na mlinzi. Tunachangiana harusi na misiba, kwa nini tushindwe kuchangia mahali pa mzigo?

Kabla sijaondoka tulihamisha marobota mawili, mimi na kijana wake, tukayapeleka kwa jirani mwenye chumba tupu. Mlango ukafunguka hadi mwisho. Upepo wa jioni ukaingia, na mama akaketi mlangoni akavua kilemba. Kioo kimebaki palepale juu. Hakuniomba nikishushe, nami sikumshauri. Nilimwambia tu kwamba yaliyobaki manne nayo yana miguu.