Mtandao wa Walimu wa Kiswahili Uanzie Shuleni

Katika muda wa miaka michache Kiswahili kimerundikiwa heshima. Mwaka 2017 Rwanda ilikifanya lugha rasmi. Agosti 2019 wakuu wa nchi za SADC, wakikutana Dar es Salaam, walikifanya lugha rasmi ya nne ya jumuiya hiyo. Novemba 2021 UNESCO ilitangaza tarehe 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani. Mwaka uliofuata Umoja wa Afrika ulikipokea kuwa lugha ya kazi, na Baraza la Mawaziri la Uganda likaagiza kifundishwe katika shule za msingi na sekondari. Utekelezaji wa mambo haya, kwa sehemu kubwa, unamwangukia mwalimu. Vikao vilivyoyaamua, hata hivyo, ni vya marais na mawaziri, na mwalimu hana kiti humo.

Wenzetu wa lugha nyingine waliliona jambo hili mapema. Walimu wa Kijerumani waliunda shirikisho lao la kimataifa mwaka 1968, na wa Kifaransa wakafuata mwaka 1969. Wanachama wa shirikisho la Kifaransa ni vyama: mwalimu hujiunga na chama cha nchini mwake, na kwa njia hiyo sauti yake hufika mbali. Ni kweli kwamba nyuma ya Kifaransa ipo dola yenye fedha na nia, na Kiswahili hakina mlezi wa namna hiyo. Sioni kama hilo ni hasara tupu. Mlezi anayelipa huchagua pia ajenda.

Nasi hatuanzi mikono mitupu. Kenya kuna CHAKITA, Afrika Mashariki kuna CHAKAMA, na CHAUKIDU huwakutanisha wataalamu wa barani na wa ughaibuni. Vyama hivi vinastahili sifa, lakini vimeegemea mno vyuo vikuu. Makongamano yake ni ya makala za kitaaluma, yaani mambo yanayotupandisha vyeo sisi wahadhiri. Mwalimu wa sekondari wa Mbarara au Huye, ambaye wanafunzi wake hawasikii Kiswahili nyumbani, anatafuta andalio la somo na kitabu ambacho hakikuandikiwa mtoto wa Tanga.

Chukua mfano wa ngeli. Kitabu kimoja huziita kwa viambishi vya nomino, M-WA. Kingine kwa upatanisho wa kisarufi, A-WA. Mwanafunzi akifika chuo kikuu anakuta namba, ngeli ya kwanza na ya pili. Anayejifunza Kiswahili kama lugha ya kigeni hudhani hizi ni sarufi tatu. Suala hili halihitaji mkutano wa wakuu wa nchi. Linahitaji walimu wa nchi nne au tano wanaobadilishana mitihani na kukubaliana istilahi za darasani.

Ndiyo maana napendekeza mtandao uanze na kazi ndogo kama hiyo, kabla ya nembo na hafla ya uzinduzi. (Kuzindua tunajua sana, kuendesha ni habari nyingine.) Ada ya kila chama ilingane na idadi ya wanachama wake, lakini kila chama kiwe na kura moja, na ukatibu uzunguke. Pasipo kanuni hiyo Tanzania na Kenya, zenye walimu wengi, zitaamua kila kitu, na wengine watakuja kupiga makofi.

Hapo ndipo ilipo Kongo. Katiba ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo inakitaja Kiswahili kuwa miongoni mwa lugha nne za taifa, na mamilioni ya watu wa mashariki ya nchi hiyo hukitumia kila siku kwa lafudhi na msamiati wao. Mwalimu wa Bukavu atataka kujua kwanza kama Kiswahili cha wanafunzi wake kitahesabiwa kuwa Kiswahili au kitaitwa kosa la kusahihishwa. Waandishi wa katiba ya mtandao walijibu swali hilo kabla ya kugombea makao makuu. La sivyo yeye atabaki nje, nasi tutakuwa tumeunda chama kingine cha Dar es Salaam na Nairobi.